Mashine ya RO ya jikoni (ya kuondoa chumvi kwenye maji ya kunywa), hapa Dodoma: kazi inafanya, ila "kama figo" ni maneno ya biashara

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo: maji tunayokunywa sasa ni matamu, chai haishiki tena ule ukoko wa juu, na maharage yanaiva kwa mkaa mchache. Nyota nne. Ya tano imebaki dukani.

Tunaishi Nala, maji yetu ni ya kisima kirefu cha uani. Sabuni haitoi povu, na birika la umeme ndani limeota magamba meupe. Ile kalamu ya kupimia TDS, yaani chumvi zilizoyeyuka majini, ilisoma zaidi ya miligramu 1,300 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye chini ya miligramu 600 kwa lita yana ladha nzuri kwa watu wengi. Yakipita 1,000 mdomo unaanza kuyakataa. Baada ya mashine, kalamu inasoma chini ya 100. Nililipa laki tano na nusu, fundi akiwemo.

Sasa dukani. Kijana aliyetuhudumia alibakiwa na zile zisizo na pampu, akaona leo ndiyo leo. "Mwalimu, si umesema tanki lako liko juu ya mnara? Basi pampu ya nini, unajiongezea LUKU bure." Mimi hufundisha baiolojia, nikamwambia kaka, hebu tupige hesabu hapa hapa kaunta.

Ndani ya mashine kuna utando, ngozi nyembamba inayopitisha maji na kuzuia chumvi. Maji yakiachwa yenyewe huvuka utando kuelekea upande wenye chumvi nyingi. Hiyo ndiyo osmosisi. Mashine inataka kinyume chake, ndiyo maana ya RO (osmosisi ya kinyume): maji yatoke kwenye chumvi yaje upande safi, kwa hiyo lazima uyasukume kwa nguvu inayozidi ule mvuto. Kwa maji ya kisima changu mvuto wenyewe unakaribia baa 1 (baa ni kipimo cha msukumo; ya bahari ni kama baa 27). Kimo cha mita 10 ndicho kinachokupa baa 1, na mnara wangu ni wa mita 3. Hapo una baa 0.3. Bila pampu ningenunua pambo la jikoni. Niliyochukua inasukuma baa 5 hivi, inaunguruma kidogo, na umeme ukikatika tunakunywa yaliyobaki kwenye tanki dogo chini ya sinki.

Kuna jambo moja ambalo hakuna muuzaji atakayekuambia, na ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Asubuhi, kabla mashine haijawashwa, chomoa ule mrija mweupe unaotoka kwenye utando, washa, kinga glasi ya kwanza uipime. Inasoma juu, mara mbili au tatu ya kawaida. Subiri kidogo, kinga nyingine: imeshuka. Usiku kucha pampu imelala, hakuna msukumo, na chumvi inapenya taratibu kutoka upande iliko nyingi kwenda iliko kidogo. Utando wenyewe ni mzima kabisa. Huo ni mtawanyiko ule ule wa kitabuni, nimewaonyesha vijana wangu wa kidato cha tatu wakauona kwa namba. Glasi hiyo ya kwanza naimwagia vyombo.

Tuje kwenye kipeperushi: "Hufanya kazi kama figo yako." Kwa damu kuchujwa kwa msukumo, sawa, hapo nawapa nusu haki. Lakini figo za mtu mzima huchuja kama lita 180 kwa siku na kurudisha mwilini asilimia 99 hivi. Mashine hii kwa kila lita moja safi inamwaga tatu! Na njia zenyewe ni tofauti. Ili kurudisha maji, figo huhamisha chumvi kwanza: pampu za protini kwenye utando wa seli hutoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu, zikitumia nishati ya ATP, halafu maji yanaifuata chumvi bila kusukumwa, mengi yakipita kwenye vijinjia vya protini viitwavyo akwaporini. Peter Agre ndiye aliyevigundua, akapata Nobel ya Kemia mwaka 2003 pamoja na Roderick MacKinnon. Kipande cha plastiki kutoka dukani hakina hata kimoja cha hivyo.

Zile lita tatu ndizo zilizonipunguzia nyota. Fundi alitoboa tundu akaelekeza mrija nje moja kwa moja, hakuuliza yatakwenda wapi, na mji wenyewe huu ni mkavu. Nimeweka ndoo: yanapiga deki na kusafisha choo. Bustanini hapana. Jirani yangu mwenye mashine kama hii aliyaelekeza kwenye mzabibu wake, na majani yakaanza kuungua pembeni. Maji hayo yanasoma zaidi ya 1,700, na udongo ukijaa chumvi mizizi inashindwa kuyavuta hata kama chini kumelowa.

Filta za mwanzo, ya uchafu na ya mkaa, nabadilisha kila nusu mwaka hivi. Anayetumia maji ya bomba yenye klorini asiiruke ile ya mkaa, klorini inakula utando.

Na kabla hujatoa pesa, pima maji yako. Kalamu ya TDS inasoma chumvi zilizoyeyuka kwa jumla. Haikuambii kuna vijidudu wala floraidi kiasi gani, na huku kanda ya kati floraidi inapatikana kwenye visima vingi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Peleka chupa maabara, urudi na karatasi, ndipo uende dukani. Na ukifika, ulizia yenye pampu.