Karoti za uani Mombasa: ununue gunia gani kwanza

Karoti zangu za kwanza hapa Kisauni zilitoka na miguu miwili, nyingine mitatu, kama suruali zilizoanikwa. Udongo haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa samadi mbichi niliyouziwa kwa jina la "imeiva". Tangu siku hiyo silipii gunia kabla sijatia mkono ndani.

1. Samadi ya mbuzi iliyooza. Haina mpinzani. Mchanga wetu unachuja maji kama kifumbu, na samadi ndiyo inayoyashika huku ikilisha mizizi polepole. Fungua gunia, chota konzi moja, ibane. Iliyoiva ni nyeusi, inanukia udongo wa mvua, na vile vidonge vya mavi huvioni tena. Ikiwa na joto au ikikuchoma pua, mwachie mwenyewe. Debe la lita 20 latosha kama mita tatu za mraba. Lichanganye na udongo hadi kina cha sentimita 30 huku ukiokota mawe, maana karoti ikigonga jiwe hugawanyika vilevile.

2. Mboji. Imekuwa ya pili kwa sababu ya bei tu. Wauza miche wa kando ya barabara wanayo, lakini ipepete kwanza: mara nyingi utakuta vipande vya plastiki, hata vigae vya chupa. Mwenye nafasi na atengeneze yake. Maganda na majani ya mboga katika soko la Kongowea hayana mwisho.

3. Vumbi la makumbi ya nazi. Linalainisha udongo na kushika maji ajabu, ila chakula cha mmea humo ni kidogo mno, kwa hiyo lichanganye na samadi. Makumbi huwa na chumvi. Liloweke na kumwaga maji yake mara mbili, na usitumie maji ya kisima cha chumvi, utakuwa umefanya kazi bure.

4. Mbolea ya kuku. Kali. Iache ioze miezi mitatu, na hata hapo weka kidogo. Mchicha utaishukuru, karoti itakupa majani marefu na mzizi kama kidole cha mtoto.

5. DAP, mbolea ya kiwandani ya dukani. Ina nitrojeni 18 na fosfeti 46 kwa kila 100, lakini haiongezi uwezo wa mchanga kushika maji. Tena penye chokaa nyingi sehemu ya fosforasi hufungwa, mmea usiipate.

Chokaa na majivu usinunue kabla ya kupima. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo yenyewe ni chokaa. Mwagia siki kwenye udongo mkavu: ukitoa povu, chokaa unayo tele.

Mimi hununua samadi Februari, nikarundika na kufunika turubai ili masika yasiisombe. Karoti na bitiruti nazipanda Juni, joto likipungua. Muhogo na viazi vitamu havina deko hilo, vinapandwa mvua zikianza. Magunia manne yanaenea kwenye tuktuk, lakini mwambie dereva mapema anabeba nini.