Mashine ya kufunga marobota kwa trekta ndogo: ipi ya kwanza, ipi uiache yadini

Mvua zikikatika mwezi wa tano, nyasi za Nachingwea zinafika kiunoni na hakuna anayezitaka. Ikifika Oktoba nusu yake imeungua, iliyobaki ni vijiti, na mwenye ng'ombe wa maziwa pale Mtwara mjini anazitafuta kwa tochi. Ndipo mwenye trekta ya kulimia mikorosho anapopata wazo la mashine ya marobota.

Muuzaji atakuuliza trekta yako ina HP (nguvu za farasi) ngapi. Swali zuri, ila mimi ningeanza na klachi. Mashine ya robota la duara ikijaa, lazima usimame huku shafti ya PTO, ile ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine, ikiendelea kuzunguka, ili kamba ilizunguke robota. Trekta yenye klachi ya hatua moja ukiikanyaga, shafti nayo inasimama, na kuiwasha upya ikiwa na mzigo tumboni ni kuitesa. Massey Ferguson 135, ambazo bado zipo vijijini, zilitoka kiwandani nyingine za hatua moja, nyingine za hatua mbili, kwa hiyo jina la trekta halikwambii kitu. Pima mwenyewe: kanyaga nusu, trekta isimame na shafti izunguke, kanyaga hadi chini, vyote visimame; hiyo ndiyo ya hatua mbili. Halafu kumbuka kwamba HP iliyoandikwa ni ya injini. Ya 50 ikifika kwenye PTO ni arobaini na kitu, na kama pistoni zimechoka, punguza tena.

Kwa trekta ya HP 25 hadi 50, nafasi ya kwanza naipa mashine ndogo ya duara. Robota lake lina kipenyo cha sentimita 50 na urefu wa 70, uzito kilo 15 hadi 25 kutegemea nyasi. Mtu mmoja analiweka begani, linapanda guta, hata bodaboda inabeba mawili matatu. Mashine yenyewe inaridhika na HP 20 hadi 30 na inazunguka kwa mizunguko 540 kwa dakika, kasi ambayo karibu kila trekta ya zamani inayo. Udhaifu wake ni mdomo: upana wa kuokota haufiki mita moja, kwa hiyo mstari wa nyasi lazima uwe mwembamba na ulionyooka. Dereva anayeendesha kama amekunywa ulaka atarudia kila mstari.

Kuna za kamba na za neti. Neti inafunga haraka, lakini inagharimu zaidi, na kipande kikibaki kwenye hori ng'ombe anakimeza na hakiyeyuki. Mimi nachukua ya kamba, na kamba yenyewe iwe ya katani. Itakuwa aibu kwa Lindi, mkoa wenye shamba la mkonge la Kikwetu, kufunga majani kwa nailoni. Ubaya wa katani ni panya: weka marobota juu ya magogo, usiyalaze chini.

Nafasi ya pili itawashangaza wenye trekta, maana haihitaji trekta: sanduku la mbao. Fundi seremala anakutengenezea lenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45, unapitisha kamba, unashindilia kwa miguu au kwa wenzo, unafunga. Piga hesabu kabla hujalicheka. Ng'ombe wa kilo 250 anakula kama kilo 6 za majani makavu kwa siku. Kumi kwa siku 120 ni kilo 7,200, yaani marobota 360 ya kilo 20. Vijana wawili waliozoea wanayamaliza msimu huohuo. Kama hukusudii kuuza wala kufungia wengine, mashine ya nini?

Ya tatu ni ile ya robota dogo la mraba. Robota lake hupangika vizuri kwenye lori, na haikulazimu kusimama kila likijaa. Lakini pistoni yake ya kushindilia nyasi inagonga mfululizo, trekta nyepesi ya HP 35 inatikisika mpaka kiti, na kifaa cha kupiga fundo la kamba kinataka fundi anayekijua. Nikiwa karibu na fundi huyo ningeipandisha. Liwale sijui utampata wapi.

Ya mwisho ni mashine kubwa ya duara, ya futi nne kwa nne. Ukiipata mtumba bei inavutia, na HP 50 zitaizungusha kwenye tambarare. Robota lina kilo 200 hadi 300: nani atalipakia? Nyingi zinataka pia bomba la haidroliki la kufungulia mlango wa nyuma, ambalo trekta nyingi za zamani hazina. Na kushuka mteremko wa Newala ukiwa na mzigo huo nyuma ya trekta nyepesi, sikushauri hata kwa adui.

Tenga pia fedha ya mashine ya kukatia na reki. Slasha ya kufyekea mikorosho inasaga nyasi vipande vifupi ambavyo meno ya kuokotea yanaviacha. Kausha mpaka ukisokota nyasi mkononi zivunjike bila kutoa unyevu; robota bichi linaota ukungu katikati. Na usifunge nyasi za chini ya mikorosho iliyopulizwa salfa: salfa ikizidi kwenye chakula humdhuru ng'ombe ubongo.

Ukikagua mtumba, shika krosi (viungo) za shafti uzitikise, sikiliza beringi, hesabu meno yaliyokatika, uliza spea zinapatikana Masasi au mpaka Dar es Salaam. Kisha mwambie muuzaji ifunge marobota kumi mbele yako kabla hujalipa. La kwanza huwa amelifanyia mazoezi.