Mbili kujumlisha tatu ni ishirini na tatu: uzoefu wangu na kozi ya Python ya mtandaoni

Nilidhani ningenyamaza, lakini kila nikiifungua kompyuta hasira inanirudia upya. Nilijiunga na kozi hii ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nikiwa sijawahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, na kilichonivuta hakikuwa video, kwa kuwa video za bure zimejaa tele mtandaoni. Nilivutwa na ahadi kwamba mwanafunzi akikwama atapata mkufunzi wa kuzungumza naye ana kwa ana.

Masomo ya mwanzo yalinipendeza, sikatai. Kisha tukafika kwenye zoezi la kuandika programu fupi inayomwomba mtumiaji namba mbili, inazijumlisha na kuonyesha jibu. Kwenye video mwalimu aliingiza 2, akaingiza 3, akapata 5. Mimi nilinakili mistari ileile, nikisimamisha video kila baada ya sekunde chache ili nilinganishe herufi kwa herufi, na jibu langu likawa 23. Laiti kompyuta ingelalamika ningekuwa na pa kuanzia, lakini haikutoa ujumbe wowote wa hitilafu. Ilinipa 23 kwa utulivu kabisa, kana kwamba mwenye matatizo ya hesabu ni mimi. Nilifuta nikaandika upya mara ambazo sitaki kuzihesabu, na usiku ule nililala nikiamini kwamba kazi hii ina watu wake na mimi si mmojawao.

Siku iliyofuata nikaomba mkufunzi. Alikuja upesi, na kwa hilo nampa haki yake. Hakuniuliza nimejaribu nini wala ninadhani tatizo liko wapi; aliomba ruhusa ya kuiendesha kompyuta yangu kutoka alikokuwa, nikamruhusu, nikabaki kuutazama mshale wa kipanya ukikimbia kwenye skrini yangu kama panya kweli. Akaongeza neno int na mabano mahali pawili, akaendesha programu, ikatoa 5. Akasema, "Umeona, ndugu? Ni rahisi tu." Nilikuwa bado naandika swali langu, la kwa nini mwalimu wa kwenye video hakuhitaji neno hilo, alipofunga mazungumzo. Papo hapo mfumo ukaniletea taarifa kwamba tatizo limetatuliwa, ukaniomba nimpe alama.

Rahisi kwa nani? Neno hilo mtu aliyekesha na 23 hulisikia kama tusi, hata kama msemaji hakukusudia. Nilimpa alama ya chini kuliko zote na sijutii. Au niseme, sikujuta kwa muda mrefu, maana pengine alikuwa na foleni ya wanafunzi wakimsubiri na anapimwa kwa idadi ya matatizo anayoyafunga.

Wiki kadhaa baadaye nilikwama tena, safari hii kwenye kugawanya. Video ilipata 3 kwa 7 gawanya kwa 2. Mimi nilipata 3.5. Niliomba msaada nikiwa nimekunja uso tayari, akaja mkufunzi mwingine ambaye hakugusa chochote. Aliniuliza lipi kati ya majibu hayo mawili lingemridhisha mwalimu wa hesabu, akanitaka nijaribu kuweka alama mbili za mkwaju (//) badala ya moja (/), kisha akanyamaza huku nikiitafuta alama hiyo kwenye kibodi kwa kidole kimoja. Ikatoka 3. Ndipo akaniambia kwamba somo lile lilirekodiwa kwa Python 2, toleo la zamani ambalo mgawanyo wake wa namba nzima hutupa desimali, ilhali mimi nimesakinisha toleo jipya, Python 3.

Nikamtolea kidonda changu cha zamani, na chenyewe kikapata maelezo. Katika Python 2, input, yaani amri ya kupokea kile mtumiaji anachoandika, hukikokotoa, kwa hiyo 2 inakuwa namba. Katika Python 3, iliyotoka mwaka 2008, kila kinachoandikwa hupokelewa kama maandishi, na alama ya kujumlisha ikiwekwa kati ya maandishi mawili huyaunganisha tu. Ndiyo maana nikapata 23, na ndiyo maana int, inayogeuza maandishi kuwa namba nzima, iliponya. Kwa kuwa mwalimu wa video alikuwa na mazoea ya kuweka mabano kwenye print, amri ya kuonyesha jibu kwenye skrini, jambo linalokubalika katika matoleo yote mawili, hakuna kilichofichua mapema kwamba anatumia toleo la zamani.

Nilifurahi kiasi cha kutaka kutoa nyota tano, kisha nikakumbuka kwamba usaidizi wa Python 2 ulikoma tarehe 1 Januari 2020 na video ile bado ipo, bila hata mstari mmoja wa tahadhari chini yake. Maelezo niliyopewa yalichukua dakika chache. Yule wa kwanza angeweza kuyatoa, na kama hakuyajua, basi ni afadhali angesema.

Kwa hiyo nyota ni tatu: zote ni za mkufunzi wa pili, na kozi yenyewe sijaipa hata moja. Leo asubuhi nimelifungua tena somo la kujumlisha. Mwalimu bado anaingiza 2, anaingiza 3, anapata 5.