"Asili" ya nani? Tathmini ya duka la vyakula vya kilimo hai mjini Tanga

Mkamwana wangu alipokuwa na ujauzito wa miezi mitano aliambiwa kliniki ale mboga na matunda kwa wingi, na tangu siku hiyo hakutaka tena kuona nyanya yenye vumbi jeupe la dawa ikiingia jikoni. Ndivyo nilivyoanza kununua katika duka moja la vyakula "vya asili" hapa mjini, nikaendelea kila Jumamosi kwa miezi mitatu. Jina la duka sitalitaja, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimezikuta kwingine pia, na kwa kuwa baadhi ya bidhaa zake ni nzuri kweli. Ninachotaka kupima ni kama neno lililoandikwa kwenye kibandiko linastahili fedha ya ziada ninayoitoa.

Duka ni safi, lina feni mbili na mhudumu msichana mwenye adabu anayekusabahi kabla hujavuka kizingiti. Upande wa kulia zimepangwa pakiti za viungo, asali ya Handeni, mafuta ya nazi na unga wa muhogo, upande wa kushoto, karibu na mlango, ziko mboga katika makapu ya ukili, na juu yake umetundikwa ubao ulioandikwa kwa mkono: "Mboga za asili, bila kemikali." Ukutani nyuma ya mizani kuna cheti ndani ya fremu, ambacho wateja wengi, nikiwamo mimi kwa wiki kadhaa, hukitazama kwa mbali na kuridhika.

Nianze na maneno yenyewe, kwa sababu hapo ndipo mnunuzi anapopotea kwanza. Neno "asili" halimfungi mtu kwa lolote. Kila kilichoota ardhini ni cha asili, hata kabichi iliyonyunyiziwa dawa mara nane. Neno "kienyeji" linahusu mbegu au ukoo wa mnyama. Kuku wa kienyeji anaweza kulishwa chakula cha kiwandani na kuchomwa sindano za viuavijasumu, na mayai yake yakabaki ya kienyeji bila mwenye duka kusema uongo. Hata "bila kemikali" ni kauli ya ajabu, maana kilimo hai, yaani kile kinachojiepusha na mbolea na dawa za viwandani, kinaruhusu baadhi ya dawa, kama vile salfa na zile za shaba kwa kiwango chenye mpaka, na mkulima anayefuata kanuni za kilimo hicho hataona haya kukuambia kwamba amepulizia mwarobaini jana. Katika bidhaa ishirini na mbili nilizozihesabu rafuni, kumi na tano zilikuwa na mojawapo ya maneno hayo matatu bila alama nyingine yoyote ya kuyashikiza.

Alama yenye uzito ipo, na imetokana na lugha yetu wenyewe. Mwaka 2007 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipitisha kiwango cha pamoja cha mazao ya kilimo hai, kinachojulikana kwa namba EAS 456, na pamoja nacho ikaja alama ya Kilimohai. Hapa nchini shughuli hiyo inaratibiwa na TOAM, umoja wa wadau wa kilimo hai ulioanzishwa mwaka 2005. Mkulima huipata alama hiyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukaguliwa na kampuni ya uthibitishaji, jambo lenye gharama kubwa ambayo kwa kawaida hubebwa na msafirishaji anayelenga soko la Ulaya. Ya pili ni mfumo shirikishi, ambamo wakulima wa kikundi kimoja hutembeleana mashambani, hukaguana, huweka kumbukumbu za walichopanda na walichotia, na huwakaribisha wanunuzi kujionea. Wapo wanaoidharau njia hii ya pili kwa hoja kwamba jirani hawezi kumchongea jirani. Mimi naiona tofauti kidogo: mkaguzi wa kutoka mbali hufika mara moja kwa mwaka, na siku yake hujulikana, ilhali jirani husikia harufu ya dawa usiku uleule inapopigwa.

Sasa viungo, ambavyo ndivyo fahari ya duka hili. Mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga zinatoka milima ya Usambara Mashariki, upande wa Amani wilayani Muheza, ambako viungo hulimwa chini ya kivuli cha miti na ambako kwa miaka mingi wanunuzi wa nje wamekuwa wakilipia mazao yaliyothibitishwa. Pakiti zake zina alama ya Kilimohai, namba ya toleo, tarehe ya kufungashwa, jina la kikundi cha wakulima, na namba ya msimbo inayoanza na TZ-BIO ikifuatiwa na tarakimu tatu, ambayo humtambulisha mthibitishaji kwa kanuni za Umoja wa Ulaya. Kanuni hizo si mchezo. Zile zilizoanza kutumika Januari 2022 zinataka kikundi kisizidi wakulima 2,000, kiwe na utambulisho wa kisheria na wakaguzi wake wa ndani, kisha mthibitishaji wa nje arudie mwenyewe kukagua angalau asilimia 5 ya wanachama kila mwaka. Shamba la mazao ya kudumu kama mdalasini linapaswa kupita miaka mitatu chini ya kanuni kabla mavuno yake hayajaitwa ya kilimo hai.

Ubora wake niliupima kwa njia za jikoni. Vijiti vya mdalasini vilikuwa vyembamba, vyenye matabaka mengi yaliyojiviringisha kama karatasi, na vilivunjika kwa vidole. Ule mdalasini mgumu wa tabaka moja nene, unaouzwa mara nyingi kwa jina hilohilo, ni wa mti mwingine. Pilipili manga nilizitia katika bakuli la maji, nazo karibu zote zikazama, dalili kwamba zilikuwa zimekomaa na hazikuchanganywa na mbegu za papai zilizokaushwa, hila kongwe ya wauza viungo. Iliki ilikuwa ya kijani na punje zake nyeusi zenye unyevunyevu wa mafuta. Gramu 50 za pilipili manga nililipa shilingi 3,000, na sikujutia hata senti.

Kwenye mboga hadithi ni nyingine. Kilo ya karoti dukani ilikuwa shilingi 4,000 wakati sokoni nilikuwa nikiipata kwa 2,000, na nilipouliza zinatoka wapi nilijibiwa, "Lushoto, mama, kule ni asili tupu." Jibu hilo linapendeza masikioni kwa sababu sisi wa pwani tukisikia Lushoto tunawaza ubaridi, ukungu na maji ya milimani. Lakini ubaridi na ukungu huohuo ndio unaoleta bakajani chelewa, ugonjwa unaoozesha majani, kwenye nyanya na viazi, na mkulima wa bondeni kule, akiwa na mkopo wa mbegu na mvua isiyokatika, hupiga dawa ya ukungu kila wiki, pengine zaidi. Ongeza nondo wa kabichi na yule mdudu wa nyanya anayeitwa kantangaze, aliyeingia nchini mwaka 2014, na utaelewa kwa nini bomba la mgongoni halikauki. Simlaumu mkulima huyo hata kidogo. Nasema tu kwamba jina la mlima haliwezi kushika nafasi ya ukaguzi.

Siku moja nilikwenda soko la Mgandini alfajiri, kabla jua halijachomoza vizuri, kutafuta kabichi za shughuli ya jirani. Fuso lilikuwa likishusha magunia ya lumbesa na matenga ya nyanya, na pale nikamkuta kijana wa duka langu akipimiwa karoti na kuzihamishia katika makapu ya ukili, yaleyale ninayoyaona mlangoni kila Jumamosi. Alinisalimu kwa furaha, wala hakuona lolote la kuficha, jambo lililonifanya niamini kwamba hata yeye hakuwahi kuelezwa maana ya ule ubao. Alipoondoka nilimuuliza muuzaji kama karoti zile zimelimwa kwa samadi bila dawa. "Mama yangu, mimi nanunua kwa wakulima kumi na wawili," alinijibu, "yupo wa samadi, yupo wa mbolea ya dukani, wote gunia moja." Huo ndio ukweli wa soko, naye aliusema bila kuulizwa mara mbili.

Nilirudi dukani nikaomba kukiona kile cheti kwa karibu. Kilikuwa cha kweli. Kilikuwa pia cha kikundi cha wakulima wa viungo na si cha duka. Kiliorodhesha mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga basi. Na muda wake ulikuwa umekwisha mwaka uliotangulia. Mambo matatu ya kusoma katika cheti chochote cha namna hii ni jina la mwenye nacho, orodha ya mazao yanayohusika na tarehe ya mwisho, na hiki kilishindwa kwa karoti katika yote matatu. Hakuna aliyeghushi kitu. Fremu ilitundikwa tu mahali ambapo kivuli chake kilifunika makapu.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya kwetu tu, huko ng'ambo mifumo imekamilika. Haijakamilika. Mwaka 2019 mahakama nchini Marekani ilimhukumu Randy Constant, mkulima na mfanyabiashara wa nafaka wa jimbo la Missouri, kifungo cha zaidi ya miaka kumi kwa kuuza mahindi na soya za kawaida kwa jina la kilimo hai, katika mpango ulioingiza mauzo ya zaidi ya dola milioni 142. Alikuwa na mashamba yaliyothibitishwa. Karatasi zake zilikuwa sahihi, ila nafaka iliyopita chini ya karatasi hizo ilikuwa nyingi kuliko mashamba yale yangeweza kuzaa. Kasoro ya duka langu ni ndogo mno ukiilinganisha, lakini umbo lake ni hilohilo.

Kuna jambo la ubora ambalo kibandiko, hata kikiwa cha kweli, hakiliahidi, nalo ni uchanga wa mboga. Mchicha wa dukani ulikuwa umelegea kufikia saa nne asubuhi, kwa sababu feni zile mbili huukausha, na mara mbili nilitupa nusu ya fungu. Kwa upande wa virutubisho pia tusijidanganye: uchambuzi uliochapishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2012, uliopitia tafiti zaidi ya 200, haukupata ushahidi wa nguvu kwamba vyakula vya kilimo hai vina virutubisho vingi zaidi, ingawa ulikuta kwamba mabaki ya viuatilifu hupatikana kwa nadra zaidi katika vyakula hivyo. Kwa mjamzito anayehofia dawa hiyo ni sababu tosha ya kuvitafuta. Kwa anayetafuta vitamini, fungu la mchicha wa bustani ya jirani uliochumwa saa hiyo linamtosha.

Machungwa ya Muheza yalinipa kichekesho chake. Dukani yalikuwa na kibandiko cha "asili" na bei mara mbili ya barabarani, nami nadhani kibandiko kile kilisema kweli, kwa kuwa miti mingi ya machungwa ya wakulima wadogo kule haijawahi kuonja dawa wala mbolea ya dukani. Hakuna aliyethibitisha, lakini ndivyo yalivyo hata yale ya kwenye toroli. Mteja mmoja aliyakataa mbele yangu kwa kuwa yalikuwa ya kijani, akidhani hayajaiva, hali chungwa la joto la pwani huiva likiwa na ganda la kijani. Akachukua matufaha ya Afrika Kusini yaliyokuwa kando, mekundu na yenye kung'aa, akiamini kila kilichomo dukani humo ni cha kilimo hai. Vijibandiko vya matufaha yale vilikuwa na namba ya tarakimu nne. Kwa utaratibu unaotumiwa kimataifa, tunda la kilimo hai huandikwa tarakimu tano zinazoanza na 9.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Viungo vya duka hili navipa imani kamili. Asali na mafuta ya nazi ni vizuri kwa ladha, ila madai yake hayajashikizwa popote. Mboga zake nisingemshauri mtu kuzilipia bei ile mpaka mwenye duka aweze kutaja shamba, na kumdanganya mlaji kwa maandishi si suala la maadili tu, kwani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha wateja katika biashara, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia.

Haya yote nilimweleza mwenye duka mwenyewe, kwa upole, siku aliyokuwapo. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniita ndani, akanipa kiti na kikombe cha chai ya mchaichai, akakiri kwamba wateja ndio waliomzoesha, maana hakuna aliyewahi kuuliza. Kwa upande wa viungo aliahidi kuleta cheti kipya, na akakileta baada ya wiki mbili. Ubao wa mboga aliushusha siku ileile, akatundika mwingine ulioandikwa "Mboga za Lushoto" bila neno la ziada. Bei ya karoti imebaki shilingi 4,000.