Betri Ndani ya Buti: Yaliyonipata kwenye Gereji Moja ya Malindi

Ninaandika nikiwa bado na ghadhabu, kwa sababu gereji moja ya hapa Malindi, kando ya barabara iendayo Lamu, iliniuzia betri na kunifungia hatari, kisha ikaniona mimi ndiye msumbufu.

Gari langu ni Mazda MX-5, gari dogo la michezo la viti viwili, ya kizazi cha kwanza, kile kilichoanza kuuzwa mwaka wa 1989. Betri yake haikai chini ya boneti. Imewekwa ndani ya buti, upande wa kulia, ili uzito ugawanyike vizuri kati ya mbele na nyuma. Kuifikia si taabu, kwani buti hufunguka kwa ufunguo hata umeme ukiwa umekufa kabisa, na kwa hilo ninalisifu gari hili. Lakini betri iliyofungiwa humo ina masharti yake. Inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo ikifikia asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja. Ndiyo maana betri ya asili ni ya kufungwa, yaani iliyozibwa na isiyotiwa maji, na ina mirija myembamba inayoipeleka gesi nje kupitia sakafu ya buti.

Betri ya zamani ilipochoka, msimu wa kaskazi, niliwaeleza hayo yote kabla sijawaachia ufunguo. Jioni nilikuta wamefunga betri ya kawaida ya kutiwa maji, imesimama bila kibano, mirija imeng'olewa, na kichwa cha chanya kiko wazi bila kifuniko. Humo humo hukaa jeki na spana. Volti 12 hazimdhuru mtu akizigusa kwa mkono mkavu, lakini spana ikiangukia kichwa cha chanya na kugusa bodi ya gari, ambayo imeungwa na hasi, mkondo wa mamia ya ampea hupita, na chuma hicho huwaka moto kabla hujawahi kukiondoa. Tangi la petroli nalo liko nyuma ya viti, bati tu ndilo linalolitenga na buti. Sasa liwaze gari hilo limefungwa na kuegeshwa juani, saa saba mchana, hapa kwetu pwani.

Nilipomuuliza fundi, hakuinua hata uso. "Mama, betri ni betri. Gari si limewaka?" Nikamwendea msimamizi, mtu mzima ambaye nilimtarajia awe na busara zaidi, naye akacheka mbele ya wateja wengine na kusema kwamba wenye magari ya starehe wana wasiwasi mwingi. Sikuenda pale kutafuta starehe. Nilikwenda kutafuta kazi inayofanywa kwa kufuata jinsi gari lilivyoundwa, na nilikuwa nimeilipia.

Niwatendee haki: bei yao haikuwa mbaya, na alternata, kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka, waliipima bila kuombwa. Kwa mwenye pikapu, ambaye betri yake iko mbele inakopata hewa, nilitaka kusema kwamba gereji hii yamfaa.

Ila nilipowalazimisha waitoe betri ile pale pale, fundi alianza kulegeza waya wa chanya huku wa hasi ukiwa bado umefungwa, spana yake ikagusa bodi, na cheche zikaruka juu ya betri iliyotoka kuchajiwa muda si mrefu. Hasi hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho. Hilo hufundishwa mwanafunzi kabla ya kukabidhiwa spana. Msimamizi alikuwa amesimama karibu, akaona, akanyamaza. Kwa hiyo kauli yangu juu ya pikapu ninaiondoa. Asiende mwenye pikapu, wala mwenye tuktuk.

Betri ya kufungwa, yenye matundu ya mirija, nimeiagiza Mombasa. Mirija yangu ya asili wanadai ilikwenda na taka, na fedha zangu wanasema hazirudi kwa kuwa betri yao "imeshatumika". Imetumika wapi, ikiwa haikutoka hata lango la gereji yao? Ninazidai zote, pamoja na gharama ya mirija mipya.