Wiki 11 za kufuatilia alama moja: uzoefu wangu na ofisi za chuo kikuu cha umma

Transkripti yangu, yaani karatasi rasmi ya matokeo yangu yote ya chuo, iko mezani sasa hivi, imekamilika, muhuri na saini vyote vipo. Imenichukua wiki 11 kuipata. Shida yenyewe ilikuwa somo moja la muhula wa tano: mahali pa alama palikuwa na kistari. Mtihani niliufanya, karatasi ya mahudhurio niliisaini, na mhadhiri alikuwa na uhakika kwamba alinisahihisha. Kistari hicho kimoja kilitosha kuniondoa kwenye orodha ya wahitimu.

Chuo sitakitaja. Ni chuo kikuu cha umma chenye makumi ya maelfu ya wanafunzi, na mambo niliyokutana nayo nimeyasikia pia kwa watu waliosoma vyuo vikubwa vya umma katika nchi nyingine kabisa. Ninachokitathmini ni huduma nzima ya kumaliza shida ya mwanafunzi, kuanzia dirishani kwa msajili hadi karatasi inapotoka. Naipa nyota 2 kati ya 5. Ya kwanza naitoa kwa mama mmoja wa masijala, ofisi inayotunza mafaili na barua. Ya pili ni kwa sababu rekodi zao, ukishazifikia, zinaaminika.

Wiki tatu za kwanza zilikwenda bure. Dirisha la matokeo walinituma idarani. Idarani, katibu muhtasi akasema alama zote zilishapelekwa kitivoni. Kitivoni wakanionyesha orodha ya vifurushi vilivyokwenda kwa msajili, nikarudi dirisha lile lile nilikoanzia. Nilipigwa danadana hasa. Leo mwenye saini yuko kikaoni, kesho mfumo uko chini, keshokutwa njoo Jumatatu, na Jumatatu niliyemkuta si yule aliyeniambia nije Jumatatu. Kila nilipofika nilianza kusimulia upya toka mwanzo.

Nataka niwatendee haki wafanyakazi wale: sikumbuki hata mmoja aliyenidanganya. Kila aliyenijibu alisema kweli kuhusu meza yake. Idara ilikuwa imepeleka alama, kitivo kilikuwa kimepokea, na msajili hakuwa na alama yangu. Kauli zote tatu zilikuwa sahihi kwa wakati mmoja, na mimi nilikuwa katikati bila mtu wa kuziunganisha.

Nilijaribu pia njia ya mtandao, ule ukurasa wa kutuma maombi ya msaada. Ombi langu lilikaa siku 9, kisha likabadilika rangi na kuandikwa "limetatuliwa". Nilipofungua matokeo, kistari kilikuwa pale pale. Hakuna sehemu ya kujibu wala jina la aliyelifunga. Sehemu hiyo ya huduma haina nyota yoyote kwangu.

Wiki ya nne nikafika masijala, na nilifika kwa sababu tu nilikosea mlango. Ni chumba kirefu chenye rafu za mafaili hadi darini, na karibu na mlango alikuwa ameketi mama wa makamo na daftari kubwa mbele yake. Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo sikuwa nimelipata siku hizo, kisha akauliza, "Barua yako uliileta lini?" Nikamwambia sikuleta barua mama, nilieleza dirishani. Akaweka kalamu chini.

"Mwanangu, neno la mdomo halina namba. Kisicho na namba mimi nitakitafuta wapi?"

Akanigeuzia lile daftari nilione. Safu ya kwanza tarehe, ya pili namba ya kumbukumbu, ya tatu limetoka kwa nani, ya nne linakwenda wapi, ya mwisho saini ya aliyelipokea. Kila faili linalotoka ofisi moja kwenda nyingine linaacha mstari pale. Ukiwa na namba, anateremsha kidole kwenye safu na kukuambia: limetoka hapa tarehe 6, limepokelewa kwa mratibu wa mitihani tarehe 8, saini hii hapa. Nilikuwa nimezunguka wiki tatu nikiuliza watu kuhusu kitu ambacho kwa chuo hakikuwapo, maana hakuna mstari hata mmoja uliokitaja.

Nikakaa kwenye benchi la nje nikaandika barua ya nusu ukurasa. Jina, namba ya usajili, msimbo wa somo, tarehe ya mtihani na chumba nilichofanyia. Mwisho sikuandika "naomba mnisaidie". Yule mama alinishauri niandike ninachotaka kujibiwa, nami nikaandika: naomba kujulishwa ni kikao kipi chenye mamlaka ya kurekebisha alama hii na kitakaa tarehe gani. Nakala mbili. Moja akaibakiza, nyingine akaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akaandika tarehe na namba, akanirudishia. Ningeweza kuyafanya haya siku ya kwanza, kama kuna mtu dirishani angeniambia.

Baada ya hapo niliacha kusimulia. Nilikuwa nafika, nasalimia, nataja namba.

Barua ilipofika kwa mratibu wa mitihani wa idara, aliniita. Akatoa karatasi ya alama ya somo lile, ile yenye saini ya mhadhiri kwa wino. Jina la mwanafunzi mwingine alilifunika kwa kipande cha karatasi, kisha akaweka rula chini ya mstari na kuiteremsha polepole, mstari kwa mstari, akilinganisha namba za usajili na orodha ya waliofanya mtihani. Rula ikasimama. Tarakimu mbili za mwisho za namba yangu zilikuwa zimepishana. Alama yangu ilikuwa imekaa kwenye mstari wa mtu aliyejisajili somo lile na baadaye akaliacha. Mratibu akaweka alama ndogo ya penseli pembeni akasema, "Ni wewe." Nilihisi machozi. Kwa wiki nne nilikuwa nimeanza kujiuliza kama kweli niliingia chumba kile cha mtihani.

Nikauliza kama sasa ataiingiza tu. Akanieleza, na maelezo yake ndiyo ningependa kila mwanafunzi ayapate mwaka wa kwanza. Alama ya chuo kikuu haitoki mkononi mwa mhadhiri ikaangukia kwenye transkripti. Mhadhiri anapendekeza. Mtahini wa nje anakagua baadhi ya karatasi. Bodi ya mitihani ya idara inaipitia, ya kitivo inaipitisha, seneti, kikao kikuu cha taaluma cha chuo, inaidhinisha. Ikishaidhinishwa si ya mhadhiri tena, na hata akikiri kosa mbele ya watu kumi, kalamu yake haifiki kule. Kuibadili kunataka mamlaka ile ile iliyoidhinisha. Max Weber, mwanasosholojia Mjerumani aliyefariki 1920, alieleza kwamba ofisi ya namna hii husimama juu ya maandishi na kanuni ili mtu ahudumiwe bila kuangaliwa ni nani. Nilisoma hilo darasani nikalipita. Pale kwa mratibu nililielewa: mlolongo uliokuwa unanitesa ndio unaozuia mwenye mjomba ofisini kuongezewa alama.

Kwa hiyo kanuni yenyewe naiunga mkono. Kinachoniuma ni kalenda. Bodi ya kitivo hukaa mara moja kwa mwezi, na ajenda hufungwa siku 7 kabla ya kikao. Alama yangu ilipatikana siku mbili baada ya ajenda kufungwa. Nikasubiri kikao cha mwezi uliofuata, na katikati ya kusubiri, orodha ya wahitimu ikafungwa. Siku ya mahafali niliwapigia makofi wenzangu nikiwa nimekaa na wageni. Wazazi wangu walikuwa wamejiandaa kwa miezi. Kama barua ile ingekuwa masijala wiki ya kwanza, suala langu lingeingia kikao cha mwanzo. Kwenye dirisha la msajili pamebandikwa saa za kufungua na kufunga. Tarehe za vikao na siku ya kufunga ajenda hazikubandikwa popote, na hizo ndizo zilizoamua kila kitu.

Bodi ilipopitisha, nikaambiwa sasa nisubiri seneti, miezi miwili zaidi. Hapo nilikuwa nimeshajifunza. Nilisoma kanuni za mitihani usiku mzima na nikakuta kifungu kinachomruhusu mwenyekiti wa seneti kuidhinisha suala dogo kwa niaba ya kikao, kisha kikao kikajulishwa. Nikaandika barua nyingine, nikataja kifungu kwa namba yake, nikaipeleka masijala. Ilijibiwa ndani ya siku 4. Kifungu kilikuwepo muda wote. Nani alikuwa na wajibu wa kuniambia, mpaka leo sijajua.

Kwa wanaohofia kwamba kuomba kuiona rekodi yako ni kujitafutia uadui: usihofu. Kwetu kanuni za chuo zinaruhusu. Kuna mahali jambo hili ni sheria kabisa. Marekani tangu 1974 mwanafunzi wa chuo ana haki ya kukagua rekodi zake, na chuo kinatakiwa kumruhusu ndani ya siku 45, na anaweza kuomba kilichokosewa kirekebishwe. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya data iliyoanza kutumika Mei 2018 inakupa haki ya kupata nakala ya taarifa zako, kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja. Tafuta chuo chako kinasema nini, kisha uandike ukitaja hicho kifungu.

Jambo jingine lililoniokoa: nilikuwa na ahadi ya kazi, na mwajiri alitaka transkripti. Niliomba barua kwa mratibu inayosema mitihani yote nimefanya, kosa limebainika, na suala liko kwenye ajenda ya kikao cha tarehe fulani. Mistari mitano. Mwajiri aliikubali akanisubiri. Watu wengi wanadhani hakuna cha kuomba hadi karatasi ya mwisho itoke. Omba hatua uliyofikia iandikwe.

Uhasibu na maktaba sitawazungumzia sana. Maktaba walinidai kitabu nilichokirudisha mwaka wa kwanza, nikatoa risiti, ikaisha kwa dakika kumi. Tunza kila risiti tu.

Nyota ya kwanza nimeitoa kwa yule mama, na natamani wangemweka dirishani, au angalau wangemwuliza yeye nini kibandikwe pale. Amefanya kazi katika chumba kile miaka mingi na anajua faili linapita wapi kuliko mtu yeyote niliyekutana naye. Nilirudi kumshukuru nikiwa na transkripti mkononi. Akaichukua, akatafuta lile somo, akaona alama, akatabasamu. Kisha akauliza: "Na yule mwenzio, wamemwambia?"

Sikuwa nimemfikiria. Mtu ambaye alikuwa na alama isiyo yake, ambayo sasa imeondolewa, pengine hajui hata kwa nini rekodi yake imebadilika. Nikamwuliza mratibu, akasema ataandikiwa. Nikaomba iandikwe kwamba nimeuliza.

Siku hiyo hiyo niliacha masijala barua yangu ya mwisho, inayoelekezwa kwa msajili. Nimeomba mambo mawili: tarehe za bodi na za kufunga ajenda zibandikwe kwenye kila dirisha la matokeo, na mwanafunzi yeyote anayefika na tatizo la alama apewe namba ya kumbukumbu kabla ya kutumwa kwingine. Barua imepokelewa, imegongwa muhuri. Kamati ya huduma za wanafunzi inakaa Alhamisi ya wiki ijayo, na ajenda yake nimehakikisha: barua yangu imo, namba 12.