Mtafsiri anayeuliza maswali, mimi nampa nyota tano

Jamani kama mnaandaa karatasi za uhamiaji someni hii kwanza. Ombi langu ni la Marekani na kule hati yoyote isiyo ya Kiingereza lazima iende na tafsiri kamili, halafu mtafsiri anaandika tamko kwamba tafsiri imekamilika na ni sahihi na kwamba yeye anaimudu kazi hiyo, anasaini. Mara ya kwanza nilitumia kampuni moja ya mtandaoni, sitaitaja, kesho yake tu wakanitumia kazi nikafurahi kweli. Kumbe cheti cha kuzaliwa wametafsiri upande wa mbele tu, nyuma kwenye muhuri na maandishi ya msajili hawajagusa, na tamko halina saini. Iliniuma sana, maana karatasi ikipelea wanakuandikia ulete ushahidi zaidi na ombi linasimama hapo hapo.

Huyu wa pili nilielekezwa na mtu. Kabla hajaanza alinipigia kuuliza maswali. Kwenye barua ya mjomba kulikuwa na neno "ndugu", akauliza huyu ndugu ni wa tumbo moja au ni mtoto wa baba mdogo, kwa sababu Kiingereza kinawatenganisha na afisa atalinganisha na fomu nilizojaza. Wale wa kwanza walishaandika kaka! Sehemu nyingine mjomba alisema "saa mbili usiku", wao wakaweka saa mbili kama ilivyo, yaani kwa msomaji wa kule ni usiku wa manane, yeye akaweka 8 p.m. kama inavyotakiwa. Tarehe nayo aliandika mwezi kwa herufi, maana 03/07 wao wanaanza na mwezi.

Kitu kimoja tulivutana kidogo. Jina la mama kwenye cheti limepungua herufi moja ukilinganisha na pasipoti, nikamwomba alirekebishe tu, akakataa kabisa. Akasema yeye anatafsiri kilichoandikwa, tofauti ya majina naieleza mimi kwa kiapo pembeni. Nilikasirika siku ile ila alikuwa sahihi, na mtu anayekubali kubadilisha jina kwenye tafsiri mkimbieni.

Mihuri yote ameitaja, hata ule uliofifia ameandika kwamba hausomeki. Alichukua siku tano na meseji anajibu taratibu, kama una haraka ya kesho atakusumbua. Wa Kanada nyie msimpe dada au mume atafsiri hata awe anajua lugha vipi, kule tafsiri ya mwanafamilia haikubaliki.

Seti mpya nimeshatuma, nasubiri majibu. Cheti cha ndoa cha wazazi ndio kimebaki na wiki ijayo nampelekea huyo huyo.